Gitaa Lenye Jina la Mtu Mwingine

Mwezi uliopita Papa Fundi alituambia kesi yake imepita, anaenda Kanada na familia yake. Tulipiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, tukanywa soda. Usiku nikakosa usingizi. Nilikuwa nawaza: sasa nani atatengeneza magitaa?

Kwa wasiomjua, Papa Fundi ndiye anayenyoosha shingo za magitaa yaliyopinda kwa jua la hapa Nakivale. Ndiye anayelehemu waya za ampli za makanisa kule Base Camp, na nyuzi zikikosekana anafumua waya wa breki ya baiskeli, anafunga huo, na muziki unaendelea. Kikundi chetu cha vijana kina magitaa 3 na yote yamepita mikononi mwake. Nilimuuliza kama ameandika mahali popote namna anavyofanya. Alicheka. "Mwanangu, hiyo iko kwa vidole."

Jibu lake lilinirudisha kwenye historia ambayo nimekuwa nikiifuatilia tangu mtu mmoja aliyekuja kujitolea hapa atuachie flashi yenye nyimbo nyingi. Ndani yake kulikuwa na sauti ambayo sikuijua. Nilidhani ni violini, mwenzangu akasema hapana, ni mwanamke analia. Kumbe ni gitaa. Lakini si gitaa kama letu. Ukiliona utasema ni meza ndogo: lina miguu minne, limelala chali, na mpigaji anakaa nyuma yake kwenye kiti kama karani wa ofisi.

Wanaliita gitaa la pedali. Shingo moja huwa na nyuzi 10, na mengi yana shingo mbili. Mkono wa kushoto unateleza na kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unachapa. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, mguu wa kulia unaongeza na kupunguza sauti, na magoti nayo yanasukuma vyuma vidogo vilivyoning'inia chini ya meza ile. Ukikanyaga, fimbo nyembamba zilizofichwa chini zinavuta uzi mmoja au miwili ipande, wakati nyuzi nyingine zimebaki palepale. Wenye kwaya watanielewa haraka: ni kama sauti ya pili inapanda peke yake wakati wa kwanza na wa tatu wameshikilia noti. Ndiyo maana linalia vile.

Historia yake inaanzia Hawaii, visiwa vya katikati ya bahari ya Pasifiki, kwa kijana wa shule aliyeitwa Joseph Kekuku, aliyezaliwa 1874. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1889 alianza kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa badala ya kuzibana kwa vidole. Miaka michache baadaye, 1893, malkia wa Hawaii, Liliuokalani, alipinduliwa, na 1898 Marekani ikavichukua visiwa vile kuwa vyake. Sisi hapa tunajua nchi inapobadilika mikono watu wanafanya nini. Wanamuziki wengi walipanda meli. Kekuku aliondoka 1904, akazunguka Marekani na baadaye Ulaya akipiga na kufundisha. Alifariki 1932 akazikwa New Jersey, mbali na kwao.

Lakini sauti ilikuwa imeshaenea. Kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 watu wengi sana waliwasikia wapigaji wa Hawaii, na baada ya hapo Wamarekani wakaitaka sauti ile ndani ya nyumba zao. Iliingia katika muziki wa kantri. Ilivuka hata bahari nyingine: Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na mpigaji maarufu Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, na upigaji wake watu waliuita wa Hawaii. Nilipomwambia Papa Fundi hilo alisema baba yake alikuwa akimtaja Jhimmy. Bon, niendelee.

Pedali zilikuja baadaye. Shida ya gitaa la kuteleza ni kwamba chuma ni kipande kimoja kilichonyooka, hakikunjiki kama vidole, hivyo chodi nyingine huzipati. Mafundi wakajaribu kufunga pedali ili mpigaji abadilishe mpangilio wa nyuzi kati ya wimbo na wimbo. Fundi mmoja wa California, Paul Bigsby, aliyatengeneza kwa mkono, moja moja, na mwaka 1948 alimpa lake mpigaji Speedy West. Kitu kilichonigusa ni hiki: Bigsby alikuwa akipachika jina la mwenye gitaa upande wa mbele, kwa herufi kubwa, ili watazamaji walisome.

Halafu mpigaji mwingine wa gitaa la Bigsby, Bud Isaacs, akafanya jambo ambalo leo tunaliona dogo. Alikanyaga pedali wakati uzi bado unalia. Hakusubiri wimbo uishe. Sauti ikapanda mbele ya masikio ya watu. Hiyo ilisikika kwenye wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", uliovuma mwaka 1954, na wapigaji wa Marekani wakachanganyikiwa. Kila mmoja alitaka pedali, na wengine hawakusubiri fundi, walijifungia wenyewe kwa vyuma walivyookota. Hapo nilicheka peke yangu, maana nilikumbuka waya wa breki.

Baada ya hapo karakana zikazaliwa. Wapigaji wawili, Shot Jackson na Buddy Emmons, walianzisha yao karibu na Nashville wakaunganisha majina yao ikawa Sho-Bud. Kampuni ya Fender ilitoa gitaa lake la pedali mwaka 1957, lenye kuvuta nyuzi kwa kebo. Emmons baadaye aliachana na Sho-Bud, na katika miaka ya 1960 akaanzisha kampuni nyingine yenye jina lake pamoja na Ron Lashley, huko North Carolina. Magitaa yale ya kwanza ya Emmons yana mfumo ambao fimbo moja inasukuma na nyingine inavuta. Wanaoyapenda wanasema hakuna sauti kama hiyo. Wanaoyatengeneza wanasema hakuna kichwa kinachouma kama hicho.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Karakana zile zilikuwa ndogo. Wenye nazo walizeeka, wengine waliuza, milango ikafungwa. Magitaa yakabaki. Sasa wewe una gitaa la mwaka 1965 na kijichuma cha ndani, kilichotengenezwa kwa madini dhaifu, kimevunjika. Kiwanda hakipo. Duka la spea halipo. Fundi wa magitaa ya kawaida hajawahi kufungua kitu kama hicho na anaogopa kukigusa. Utafanya nini? Unatafuta mwenzako mwenye gitaa kama lako. Huenda na yeye kilishamvunjikia, akampata mtu wa mashine za kukata chuma, na yule mtu akishakata kimoja, kukata 20 si kazi.

Ndivyo wenye magitaa haya ya zamani walivyoanza kutafutana. Haikuwa mapenzi tu, ilikuwa lazima. Mji wa St. Louis kulikuwa na mwenye duka na mwalimu aliyeitwa DeWitt Scott, wao walimwita Scotty. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwakusanya, na mkutano ukakua mpaka ukawa wa kimataifa, kila mwaka wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani. Mabingwa walipiga jukwaani. Lakini watu wanaopenda vyombo wanajua kwamba mambo makubwa hutokea pembeni, pale wawili wameligeuza gitaa miguu juu na mmoja ameshika tochi.

Kuna jambo jingine lililowalazimisha kuongea. Magitaa haya hayafanani. Kuna mipangilio miwili inayojulikana na wengi, lakini kila mwenye gitaa anaongeza yake: mmoja ameweka pedali tatu, mwingine nane, goti la kushoto la huyu linapandisha uzi ambao la yule linaushusha. Ukinunua gitaa la marehemu unaweza kukaa mbele yake usijue linafanya nini. Kwa hiyo walizoea kuchora chati, nyuzi upande mmoja na pedali juu, kuonyesha kila kanyagio linabadilisha nini. Ukiisoma chati ya mtu unaona jinsi alivyokuwa akiwaza muziki. Nimejaribu kuchora moja ili nielewe na ilinichukua jioni nzima.

Na yale ya Bigsby yenye majina? Mwenyewe anafariki, gitaa linapata mwenye mpya, na jina la mbele linabaki la yule wa kwanza. Mtu anakaa jukwaani nyuma ya jina lisilo lake.

Sitaki mdhani ilikuwa familia isiyo na ubaguzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na Wamarekani weusi wa kanisa la House of God waliokuwa wakipiga gitaa la kuteleza katika ibada mahali pa kinanda. Ndugu wawili, Troman na Willie Eason, ndio walioanza huko Philadelphia, na Troman alijifunza kwa mtu wa Hawaii. Kanisa hilo likazaa wapigaji kizazi baada ya kizazi, na katika miaka ya 1970 baadhi yao wakachukua gitaa la pedali. Makao makuu ya tawi lao lenye wapigaji wengi yako Nashville. Nashville hiyohiyo! Mji mmoja, chombo kimoja, na kwa miaka mingi wengi wa upande wa kantri hawakujua kwamba hawa wapo. Mpaka miaka ya 1990, mtafiti wa Florida, Robert Stone, aliporekodi muziki wao, na mwaka 1997 ukatoka kwa kampuni ya Arhoolie. Nashangaa mpaka leo. Halafu nakumbuka kwamba hapa kwetu kuna kanisa la Warundi lina mpigaji solo hatari, na vijana wangu walikaa miaka miwili bila kumjua, wakati tunatenganishwa na barabara tu.

Wanaijeria nao walilichukua. Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé, na yeye ndiye anayesikika pia kwenye wimbo wa Paul Simon, "Graceland", wa 1986. Hiyo ningeipa ukurasa mzima, lakini mhariri ameninyima nafasi.

Mtu ninayemfikiria zaidi ni Jerry Byrd. Alizaliwa Ohio 1920, akawa bingwa Nashville, na pedali zilipokuja alizikataa. Alibaki na gitaa la kuteleza tu wakati kazi zote za studio zinawaendea wenye pedali. Mwaka 1972 akahamia Hawaii. Huko alikuta kwamba vijana wanaolipiga gitaa la babu zao wamebaki wachache mno. Chombo kilikuwa kimesafiri dunia nzima na nyumbani kinakaribia kwisha. Akaanza kufundisha. Mzungu wa Ohio, anawafundisha vijana wa Hawaii mambo yao wenyewe, na kati ya wanafunzi wake wametoka walimu wa leo kama Alan Akaka. Mwaka 1985 kikaanzishwa chama cha wapenzi wa gitaa la Hawaii, na aliyekianzisha, Lorene Ruymar, aliishi Kanada.

Kuna rafiki yangu aliyekasirika nilipomsimulia hili. Alisema ni aibu mgeni kuja kukufundisha cha kwenu. Mimi sioni aibu kwa vijana wale. Walimu wao walikuwa wamekufa au wameondoka, na huyu alikuwa amekitunza. Ila ninakubali kwamba inauma. Mdogo wangu amezaliwa hapa, nyimbo za kwetu Fizi anazijua kwa simu, na likembe hajawahi kuishika.

Nilimpelekea Papa Fundi habari yote, pamoja na chati niliyochora. Aliishika karibu na macho, akauliza kwa nini fimbo ya pili haigongani na ya tatu. Sikuwa na jibu. Lakini kesho yake alikuja mwenyewe na daftari la shule la mtoto wake, kurasa nyingi bado ni nyeupe, akasema tuanze kabla ndege haijapangwa.

Tumefika ukurasa wa 11. Yeye anafanya, vijana wawili wanachora, mmoja anarekodi kwa simu, mimi naandika. Kunyoosha shingo tumemaliza. Waya wa breki tumemaliza, pamoja na kipimo cha uzi upi unafaa kwa sauti ipi. Kulehemu tumefanya nusu, kwa sababu umeme wa sola uliisha. Gitaa letu moja lina jina limechongwa nyuma kwa msumari, TUMAINI, na hakuna anayemkumbuka. Nilitaka kulipiga msasa tupake rangi upya. Papa Fundi alinikataza, akaniambia niandike na hilo jina kwenye daftari.

Ukurasa ambao bado ni mtupu ni wa kile kidaraja kidogo cha juu ambapo nyuzi zinapita. Yeye hukichonga kwa mfupa, na mfupa mzuri hatujapata. Tunakutana Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, nyuma ya chumba cha vijana. Yeyote mwenye mfupa wa paja la ng'ombe, uliokauka vizuri, atuletee.