Datsun 240Z katika Matope ya Afrika Mashariki

Mtu aitazamaye Datsun 240Z kwa mara ya kwanza, akaiona boneti yake ndefu iliyotangulia mbele kama omo ya jahazi, hawezi kudhani kwamba hadhi yake kubwa kabisa iliipata katika matope ya Afrika Mashariki. Wala haikukusudiwa huko. Ilipotoka Japani mwaka 1969, kwa jina la Fairlady Z, matumaini ya watengenezaji wake yalikuwa Marekani, ambako Yutaka Katayama, aliyesimamia biashara ya Nissan, alitaka gari la fahari ambalo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kulinunua. Na kwa kuwa jina lile halikumridhisha hata kidogo, akaamuru libanduliwe, magari yakauzwa kwa tarakimu na herufi tu: 240, kwa ajili ya injini ya lita 2.4, na Z.

Umbo lake, lililosanifiwa chini ya Yoshihiko Matsuo, halikuwa pambo tupu. Boneti ilirefuka kwa sababu silinda 6 za injini zilipangwa safu moja. Na kila gurudumu lilipanda na kushuka peke yake, jambo ambalo kwenye lami ni starehe, bali kwenye makorongo ndiyo salama ya dereva.

Ithibati ilipatikana Pasaka ya mwaka 1971, katika East African Safari, mashindano yaliyoanzishwa 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ambamo madereva walikuwa wakikata maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika vumbi, mawe na tope. Edgar Herrmann na Hans Schuller, walioshinda mwaka uliotangulia kwa Datsun 1600 SSS, walitwaa nafasi ya kwanza kwa 240Z. Wa pili akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye katika 240Z.

Mwaka 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, akawafukuza Waasia nchini humo, na Mehta, aliyekuwa mmoja wao, akafanya maskani yake Kenya. Mwaka uliofuata akaja tena na 240Z, Lofty Drews akimsomea njia, na hesabu ilipopigwa, alama zake za adhabu zikatoka sawasawa kabisa na za Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Ikabidi kanuni iamue: aliyekwenda mbali zaidi kabla ya adhabu yake ya kwanza ndiye mshindi. Naye alikuwa Mehta.

Gari la Herrmann la mwaka 1971, jekundu lenye boneti nyeusi, Nissan wamelihifadhi huko Zama, Japani.