Wang Guangyi na Miraba juu ya Uso wa Mao

Mchoraji wa China aliyepewa kazi ya kukuza sura ya Mao Zedong kutoka kwenye picha ndogo ya kamera alianza kwa rula na penseli. Aliigawa picha kwa miraba, akapiga miraba mikubwa kwenye turubai, kisha akahamisha uso kipande kwa kipande. Kazi ikiisha, mistari yote ilizama chini ya rangi. Mwaka 1988 Wang Guangyi alifanya kinyume: alichora uso wa Mao kwa rangi ya kijivu, kisha akaupitishia juu mistari myekundu.

Wang alizaliwa Harbin mwaka 1957. Utoto wake ulipita katika Mapinduzi ya Utamaduni (1966–1976), wakati picha za kiongozi zilitakiwa ziwe nyekundu, angavu na zenye kung'aa. Mchoro mmoja wa Liu Chunhua wa mwaka 1967, unaomwonyesha Mao kijana akielekea Anyuan na mwavuli mkononi, inakadiriwa ulichapwa nakala milioni 900. Wang alipelekwa kijijini kufanya kazi, akawa mfanyakazi wa reli, ndipo akaingia chuo cha sanaa cha Zhejiang, Hangzhou, alikohitimu mwaka 1984.

Michoro ya miraba ilioneshwa Beijing Februari 1989, katika maonesho makubwa ya sanaa mpya. Wapo waliomwona Mao amefungiwa nyuma ya nondo. Wang mwenyewe alikuwa akisema sanaa isafishwe hamasa na hisia zilizokithiri, na miraba inafanya kazi hiyo hasa: inaurudisha uso uliotukuzwa kwenye meza ya fundi, ukawa kitu cha kupimwa kwa rula. Andy Warhol alikuwa amekwisha kumchora Mao mwaka 1972, lakini kwa Mmarekani huyo ulikuwa uso maarufu tu. Wang alikua chini ya uso huo.

Mwaka 1990 alianza mfululizo wa "Ukosoaji Mkuu", uliompatia jina duniani. Wafanyakazi, wakulima na askari wa mabango ya zamani, wenye ngumi nene na taya zilizokazwa, wanasimama bega kwa bega na majina ya bidhaa za Magharibi. Katika mchoro wa Coca-Cola, mlingoti wa bendera wanaoushika ni kalamu ya wino, na ncha yake inaielekea nembo ya soda. Rangi ni bapa, nyekundu na njano, na turubai zima limegongwa tarakimu kama mihuri ya karani wa ghala. Soda yenyewe ilikuwa imerejea China mwaka 1979, kwa hiyo Wang hakuwa akimchora mgeni. Bango na tangazo la biashara vimekaa pamoja bila kugombana, maana vyote viwili hupiga kelele kwa herufi kubwa.

Mhakiki Li Xianting aliuita mwelekeo huu Popu ya Kisiasa, na mwaka 1993 kazi za Wang zikafika kwenye maonesho ya Venice. Wanunuzi wa nje walimiminika, naye akaendelea kubadilisha nembo, bidhaa baada ya bidhaa, hadi mbinu yenyewe ikaanza kufanana na mtambo wa kiwanda. Michoro ya miraba, iliyo michache, haijachuja kama ile ya nembo. Mfululizo wa "Ukosoaji Mkuu" aliufunga mwaka 2007.