Jani na Neno: Utafiti wa Uganga katika Nchi ya Nyasa na Umatengo

Katika mwaka wa 1906 kilichapishwa mjini Berlin kitabu kikubwa cha Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wadachi, kilichoeleza nchi ya Nyasa na Ruvuma pamoja na watu wake. Fülleborn alikuwa amezunguka pande hizo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akipima, akipiga picha, akikusanya samaki wa Ziwa na vyombo vya nyumbani. Katika safari zake aliwahi kufuatana na Walther Goetze, mtaalamu wa mimea, ambaye alifariki huko huko Nyasa mwaka wa 1899 kazi yake ikiwa bado changa. Mimea aliyoikusanya Goetze ilipelekwa Berlin, ikakaushwa, ikapewa majina ya Kilatini na wanafunzi wa Profesa Adolf Engler, ikawekwa kabatini. Habari za watu zilikwenda upande wao, katika vitabu vya mila na makumbusho ya vinyago.

Mgawanyo huo haukuonekana kuwa jambo la ajabu wakati ule, wala hauonekani hivyo leo kwa watu wengi. Jani ni mali ya mtaalamu wa mimea. Maneno yasemwayo juu ya jani ni mali ya mtaalamu wa mila. Lakini kwa mganga wa Umatengo au wa Mbamba Bay mambo hayo mawili hayakupata kutengana hata siku moja, na historia yote ya utafiti wa uganga katika pande za Mbinga yaweza kusomwa kama historia ya mkato ule mmoja. (Kabati lenyewe halikudumu: sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin iliteketea kwa mabomu mwezi wa Machi 1943.)

Hatari ya mkato huo ilidhihirika mapema. Kitabu cha Fülleborn kilipotoka, Ungoni ilikuwa bado majivu. Katika mwaka wa 1905 mjumbe aliyeitwa Kinjala alileta kwa Wangoni dawa iliyoanzia Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, nayo ikapokewa na wengi wa wakubwa wa nchi. Dawa ile, kama wanahistoria wanavyoieleza, ilikuwa maji, pengine pamoja na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Mkemia angeiweka chupani asingepata kitu ndani yake. Mdachi alipoona kwamba haizuii risasi aliita ujinga, akamaliza shauri. Mnamo tarehe 27 Februari 1906 wakubwa wa Wangoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama, walinyongwa Songea. Mashamba na maghala yakachomwa, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki.

Yapasa kusema wazi kwamba maji yale hayakuzuia risasi. Aliyeamini alikufa. Lakini swali la mwanahistoria si kama maji yana nguvu juu ya risasi. Ni kwa nini watu wa lugha mbalimbali, waliokuwa jana wakipigana wao kwa wao, waliona katika neno dawa jambo la kuwaunganisha. Jibu halimo chupani. Kusini mwa Tanzania dawa haikuwa kitu cha kumeza mgonjwa tu. Kulikuwa na dawa ya shamba, ya safari, ya nyumba mpya, ya mtego na ya vita, na kuipokea kulikuwa na miiko yake, ahadi zake na watu wake walioshuhudia. Mtu aliyekunywa dawa pamoja na mwenziwe alikuwa amefunga naye agano. Ilipasa kungoja hata miaka ya 1968 na 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowatuma wanafunzi wake vijijini kuwauliza wazee, ndipo jambo hili lilipoanza kuandikwa sawasawa. Utafiti wa O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya vita vya Maji Maji katika Ungoni ulichapishwa mwaka wa 1969, na tasnifu ya Gilbert Gwassa, iliyokamilika mwaka wa 1973, iliieleza imani ya maji kuwa fikra yenye mpango wake, si wazimu wa watu wa mwituni. Kwa miaka zaidi ya 60, basi, dawa iliyojulikana kuliko zote katika historia ya nchi hii ilikuwa imetazamwa kwa jicho la mkemia na la hakimu tu.

Hapa inafaa kuitazama Bara Hindi kidogo, maana huko utafiti ulishika njia nyingine, ingawa watawala walikuwa wa namna moja. Katika mwaka wa 1890 afisa wa Kiingereza, Hamilton Bower, alinunua huko Kucha, katika Asia ya kati, maandiko ya kale yaliyoandikwa juu ya magome ya mti. Rudolf Hoernle aliyasoma na kuyatoa kwa sehemu tangu 1893 hata 1912. Ndani yake mlikuwa na mafunzo ya Ayurveda: habari za kitunguu saumu, za mafuta na unga wa dawa. Lakini mlikuwa pia na ramli, na maneno ya Kibudha ya kumkinga mtu na sumu ya nyoka. Hoernle hakuyatupa haya akabakiza yale. Aliyachapa yote, kwa kuwa yalikuwa yamefungwa pamoja, na kwa kuwa yalikuwa maandishi.

Kutokana na kazi za namna hiyo wataalamu waliweza kuuliza maswali makubwa. Katika mafundisho ya Budha kuna kweli nne: kuna mateso, mateso yana chanzo, yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Wengi waliona humo mwendo wa tabibu anayetaja ugonjwa, sababu yake, kupona kwake na dawa yake. Wengine wakakana kwamba Budha aliazima kwa waganga, wakisema hakuna ushahidi wa matabibu kuwa na mpango huo kabla yake. Mwaka wa 1991 Kenneth Zysk alitoa kitabu akishikilia kwamba Ayurveda haikuzaliwa kwa makuhani wa Kibrahmani, bali ililelewa kati ya watawa waliozunguka, na hasa katika nyumba za watawa wa Kibudha, ambao sheria yao iliwaamuru kuuguzana. Mtu aweza kukubali au kukataa. Lililo muhimu ni kwamba ubishi wenyewe uliwezekana: uganga wa Kihindi ulihesabiwa kuwa fikra, nayo fikra hubishaniwa.

Isidhaniwe kwamba kitabu kililinda kila kitu. Mti uitwao sarpagandha, uliotumiwa na matabibu wa Kihindi kwa wenye wazimu na walioumwa na nyoka, uliandikwa na Rustom Jal Vakil wa Bombay mwaka wa 1949 kuwa dawa ya shinikizo la damu. Mwaka wa 1952 wakemia wa Basel wakatoa ndani yake dawa ya reserpini. Ikauzwa duniani kote, na mafundisho yaliyouzunguka mti yakaachwa nyuma. Ndugu wa mti huo yuko Afrika ya Mashariki, naye ni msesewe, ambao Wachaga hutia magome yake katika mbege.

Kandokando ya Ziwa Nyasa hapakuwa na magome yaliyoandikwa. Walakini kukosa kitabu si kukosa fikra. Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa katika ncha ya kaskazini ya ziwa hili hili, alionyesha katika vitabu vyake vya 1957 na 1959 jinsi hasira iliyofichwa moyoni na manung'uniko ya jirani yalivyohesabiwa kuwa chanzo cha maradhi, na jinsi ugonjwa ulivyotakiwa kuungamwa hadharani ndipo dawa ifanye kazi. Hayo ni mafundisho juu ya mwili na jamaa, yenye hoja na mpangilio. Yana ubaya wake pia, kwani anayetafuta hasira moyoni mwa jirani hafiki mbali kabla ya kumwita mchawi. Na wale vijana wa Mchape waliopita Nyasaland katika miaka ya 1930 wakinywesha watu dawa ya kufichua wachawi, ambao Audrey Richards aliandika habari zao mwaka wa 1935, walitoka katika fikra hiyo hiyo. Kuisifu tu si kuichunguza.

Jambo la kushangaza ni kwamba Umatengo wenyewe ulikwisha kuwapa wataalamu kielelezo cha namna ya kuchunguza. Kilimo cha ngoro, ambacho Wamatengo wanasemekana kukiendeleza walipobanwa milimani na Wangoni katika karne ya 19, kiliandikwa na A. H. Pike mwaka wa 1938, na tangu hapo kimechunguzwa mara nyingi. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, shimo likabaki. Hupandwa maharagwe, kisha msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni wala hayachukui udongo. Hakuna mtafiti aliyechukua unyasi mmoja wa ngoro akaupeleka maabara kuuliza ni kitu gani ndani yake kinachozuia mmomonyoko. Wote walielewa kwamba nguvu imo katika mpango: nyasi, mteremko, zamu ya mazao, na kazi ya mume na mke.

Katika uganga swali la unyasi mmoja ndilo linaloulizwa kwanza. Tangu mwaka wa 1974 Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili, kilichopandishwa baadaye kuwa taasisi, na kazi yake ni ya lazima. Mzizi unaoua ini hauwi salama kwa kuwa ni wa mababu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka wa 2002 nayo iliunda baraza la kuwaandikisha waganga. Haya yote yanahusu dawa na mtoaji wake. Mgonjwa na jamaa zake hawana safu katika daftari, ingawa John Janzen alikwisha kuonyesha huko Kongo ya chini, mwaka wa 1978, kwamba ni jamaa ndio wanaoamua ugonjwa ni wa namna gani na mgonjwa apelekwe wapi. Mlimani Umatengo uamuzi huo hufanywa katika nyumba nyingi: kama mtoto apelekwe hospitali ya Litembo au ateremshwe Liuli ziwani, au aitwe kwanza mganga, nani atauza maharagwe kupata nauli, ni ugomvi gani utakaosuluhishwa kabla ya kuondoka, na kwa maneno gani.