Hafu shafti iliyoiponza Land Rover

Miaka kumi imetimia tangu Januari 29, 2016, siku ambayo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Land Rover Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani, na matanga bado hayajaanuliwa. Huku kwetu matanga yenyewe hugeuka sherehe: Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri, zikipita kwa msafara kuwania rekodi ya dunia. Wapenzi wa gari hilo husema liliuawa na sheria za moshi za Ulaya. Hiyo ni nusu ya habari. Katika barabara za mbali za Afrika Mashariki lilikuwa limekwishanyang'anywa nafasi yake miongo kadhaa kabla, na sababu yake inawahusu wote wanaonunua magari ya porini leo, serikali ikiwa mbele yao. Gari lililo rahisi kutengeneza ni jambo moja, gari lisiloharibika ni jambo jingine, na mahali ambapo spea haifiki sifa zote mbili zina mwisho.

Mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep iliyobaki vitani kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, akataka kampuni yake itengeneze kitu cha namna hiyo. Mwaka uliofuata Land Rover ilionyeshwa Amsterdam, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita. Mabati yake yalikuwa bapa na yalifungwa kwa bolti, hivyo mlango uliobonyea ungeweza kunyooshwa kwa nyundo au kufunguliwa na kutupwa kando. Bwana shauri wa kikoloni alikuja nayo huku kwetu. Uhuru ulipopatikana ikarithiwa na polisi, bwana nyama na mganga wa wilaya. Wanafunzi wa Oxford na Cambridge walipoziendesha mbili kutoka London hadi Singapore mwaka 1955 na 1956, sifa yake ikakamilika.

Lakini chini ya sifa hiyo kulikuwa na hafu shafti, chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Katika Land Rover za zamani ilivunjika mno, hasa zikibebeshwa mzigo na kupandishwa mlima. Watetezi hujibu kwamba kuibadilisha ni kazi ndogo: unafungua bolti chache za katikati ya gurudumu, unachomoa kipande kimoja, unaingiza kingine, hata jeki huihitaji. Ni kweli, isipokuwa kipande kilichobaki ndani kikigoma kutoka. Ila jibu hilo linakiri zaidi ya linavyotetea. Gari likisifiwa kwa wepesi wa kubadilishwa kitu fulani, inafaa kuuliza kwa nini kitu hicho kinabadilishwa kila mara, na nani ameibeba hiyo spea siku ya safari. Wepesi wa matengenezo uliifunika kasoro, na mwenye kiwanda hakuona haraka ya kuiondoa.

Aliyeona haraka hiyo alikuwa mbali, katika milima ya Australia. Mradi wa umeme wa maji wa Snowy, ulioanza mwaka 1949 na kukamilika 1974, ulikusanya zaidi ya wafanyakazi laki moja kutoka nchi zaidi ya 30, wakichimba mahandaki na kujenga mabwawa kwenye mteremko, matope na theluji. Land Rover ndizo zilizotamba huko. Mwaka 1958 mkandarasi Leslie Thiess aliagiza Land Cruiser chache kutoka Japani, nchi ambayo miaka 13 tu nyuma ilikuwa adui wa Australia vitani, na ambayo bidhaa zake wengi walizihesabu takataka. Toyota ilikuwa imeanza kulitengeneza gari hilo mwaka 1951 kwa kufuata Jeep, na jaribio lake maarufu lilikuwa kupanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Injini yake ya silinda sita ilikuwa na lita 3.9, wakati Land Rover ya miaka hiyo ilikuwa na silinda nne na lita mbili na robo. Hata hivyo Snowy iliichosha. Inasimuliwa kwamba gia boksi zilisumbua, na Toyota ikatuma mafundi wake kwenda kutazama kilichovunjika na namna kilivyovunjika, kisha marekebisho yakarudi kiwandani. Simulizi hii inapendwa na Toyota yenyewe, basi tuipokee kwa tahadhari; mshindi ndiye huandika kumbukumbu. Lakini matokeo yake hayana ubishi. Thiess aligeuka mwagizaji wa Toyota, na Australia ikawa uwanja ambao gari hilo lilirekebishwa kwa kipimo cha barabara mbaya badala ya kipimo cha maonyesho.

Kwetu anguko lilikuja kwa njia ya duka la spea. Land Rover iliingia chini ya British Leyland mwaka 1968, kampuni iliyozongwa na migomo na madeni hadi serikali ya Uingereza ikaichukua mwaka 1975. Wateja wakangojea magari kwa foleni ndefu. Kisha kukaja kupanda kwa bei za mafuta, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, na Land Rover nyingi za serikali zikaishia juu ya mawe, zikichunwa kiungo kimoja kimoja ili kuponya nyingine. Mwaka 1984 Toyota ikatoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na mwaka 1990 ikaitia injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo, yenye pampu inayofanya kazi kimakanika. Mashirika ya misaada yakalinunua kwa wingi, lile jeupe lenye mkonga, na kila lilikopita likaacha spea, mafundi na mabaki ya kuchunwa. Baada ya hapo kulichagua hakukuhitaji mapenzi.

Atakayepinga atasema magari ya leo yana kompyuta na huharibika mara chache kuliko yale ya zamani, hula mafuta kidogo na hayatoi moshi mweusi. Yote hayo ni sahihi, na kwa Dodoma hadi Dar es Salaam yanatosha. Tofauti iko kwenye siku moja ya kuharibika. Pampu ya zamani ikisumbua, gari mara nyingi hukohoa na kujikokota hadi mjini. Sensa ikifa, gari linaweza kukataa kuwaka hadi ipatikane mashine ya kulipima na mtu anayejua kuisoma. Defender mpya inayoundwa Nitra, Slovakia, ni gari hodari, ila ni la mtu aliye karibu na wakala. Ndiyo maana inashangaza kuona taasisi zetu zikizidi kununua mashangingi ya injini za turbo mbili kwa wakubwa wanaotembea lami, huku gari la chanjo la wilayani likingoja nozeli. Kinachopimwa ni cheo cha anayepanda.

Kuna ushahidi mmoja unaoonekana kuipinga hoja hii: Maralal, katika Kaunti ya Samburu, ambako Land Rover kuukuu bado hubeba abiria, mbuzi na magunia kwenye njia ambazo matatu hazithubutu. Yangekuwa magari mabaya, yangekwisha. Lakini mji huo umejaa mafundi walioujua mfumo wake tangu utotoni, na hafu shafti ya Land Rover hupatikana upesi kuliko kifaa cha gari jipya lolote. Kwa anayesafiri kutoka Maralal kwenda Baragoi, Land Rover ndiyo chaguo la busara, na kwa anayetoka Mpanda pengine si hivyo.