Pikipiki, Kipupwe na Ustaafu Kasulu na Kibondo

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, na jirani zao Buhigwe na Kakonko, pikipiki ndiyo inayounganisha nyumba na shamba, kijiji na hospitali, mstaafu na benki inakoingia pensheni yake. Huendeshwa katika nyanda za juu zenye baridi ambayo mtu aliyezoea joto la Ujiji, ufukweni mwa ziwa, haitarajii. Makala hii inaeleza baridi hiyo inatoka wapi, inamfanya nini mpanda pikipiki aliyevuka miaka 60, na ustaafu unabadili vipi safari zake. Kwa ufupi, kinachoamua ukali wa baridi kwa mtu aliye juu ya pikipiki ni saa aliyoondoka kuliko mwendo anaokwenda, na mstaafu ndiye mwenye ruhusa ya kuchagua saa.

Ardhi na majira

Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Kigoma Mjini kupitia Kidahwe hupanda hadi Kasulu, kisha huendelea kaskazini kuelekea Kibondo, katika ardhi yenye mwinuko wa takribani mita 1,300 hadi 1,500. Vilima vya Heru Juu na Manyovu, mpakani na Burundi, viko juu zaidi. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 0.65 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo, mwinuko peke yake unazipa nyanda hizi upungufu wa nyuzi tatu hadi tano ikilinganishwa na ufukwe wa ziwa.

Mkoa una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu, na ndiyo yenye baridi, yaani kipupwe. Usiku wa kiangazi anga huwa halina mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotelee juu, hivyo ardhi hupoa kwa kasi. Hewa baridi, iliyo nzito, huteremka mabondeni na kukaa huko pamoja na ukungu. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi kumi na kadhaa, na mchana wa siku hiyohiyo huweza kupita nyuzi 25.

Baridi hii haifikii ile ya Makete na uwanda wa Kitulo, ambako umande huganda kuwa barafu juu ya majani. Upole wake ndio unaowaponza watu. Mtu hutoka nyumbani na shati moja kwa sababu anajua saa sita litakuwapo jua, akasahau kwamba safari yake ni ya saa kumi na mbili asubuhi.

Upepo wa mwendo

Mwili hupasha joto tabaka jembamba la hewa linaloizunguka ngozi. Mtu akisimama mahali pasipo upepo, tabaka hilo humkinga. Akipanda pikipiki, upepo wa mwendo huliondoa bila kukoma, na mwili hulazimika kupasha hewa mpya kila wakati. Kanuni ya kukadiria ubaridi wa upepo, inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, inaonyesha kwamba hewa ya nyuzi 10 humwathiri mtu kama nyuzi 6.6 upepo ukiwa kilomita 30 kwa saa, kama nyuzi 5 ukiwa kilomita 60, na kama nyuzi 4.4 ukiwa kilomita 80.

Tarakimu hizo zina funzo. Sehemu kubwa ya madhara hupatikana mapema, katika kilomita 30 kwa saa za kwanza za mwendo. Kutoka 30 hadi 80 huongeza nyuzi mbili tu na kidogo. Kupunguza mwendo ni jambo jema kwa usalama, lakini hakuondoi baridi. Kusubiri kutoka saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi kunamwongezea msafiri joto kuliko anavyoweza kulipata kwa kwenda polepole.

Maji huzidisha tatizo. Husafirisha joto takribani mara 24 zaidi ya hewa iliyotulia, na nguo iliyolowa hupoteza joto zaidi maji yanapokauka kwa upepo. Ndiyo maana mtu aliyenyeshewa Machi kati ya Kasulu na Makere anaweza kutetemeka kuliko aliyepita njia hiyo Julai akiwa mkavu.

Mwili uliozeeka

Kijana akipigwa na baridi, mishipa ya ngozi hujibana haraka na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto. Uzeeni majibu yote mawili hupungua nguvu. Misuli imepungua, mishipa hujibana kwa kuchelewa, na hata hisi ya baridi hufifia, hivyo mzee huweza kupoa bila kutambua. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo ni ya hatari kitabibu. Kwa safari fupi za Kigoma si rahisi kufika huko, isipokuwa kwa mtu aliyelowa na kukwama njiani usiku.

Hatari ya kila siku ni vidole. Ngozi ya vidole ikipoa chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa mkono hupotea, na mkono ndio unaoshika klachi na breki ya mbele. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Kuchelewa kubana breki kwa nusu sekunde ni mita nane zaidi kabla ya kuanza kusimama, na mbuzi aliyekatiza barabara huenda yuko ndani ya mita hizo.

Maradhi ya umri huu yana nafasi yake. Baridi hupandisha shinikizo la damu. Kisukari cha muda mrefu huua hisi za miguu, na mgonjwa huweza kukosea kukanyaga gia au breki. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama atenolol na propranolol, hupunguza damu inayofika vidoleni. Mwenye baridi yabisi hukakamaa magoti na viungo vya mikono asubuhi kabla ya kuchangamka. Mtoto wa jicho hufanya taa za lori linalokuja ziwe ukuta wa mwanga. Hospitali ya Kabanga na hospitali ya Heri, pamoja na hospitali za wilaya, ndizo watu wa eneo hili wanazozitegemea, na swali la kumuuliza daktari liko wazi: dawa hizi zinaniruhusu kuendesha?

Madereva wengi wa bodaboda huamini kwamba upepo wa kifuani huleta nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi, wala upepo peke yake hauwezi kuizalisha. Hata hivyo, kukinga kifua kuna faida ya kweli, kwa sababu moyo na mapafu yakibaki na joto, mwili hauna haja ya kuinyima mikono damu.

Mavazi

Kanuni ya mavazi ni tabaka tatu: nguo ya ndani isiyoshika jasho, sweta la kutunza hewa yenye joto, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo. Tabaka la juu ndilo muhimu kwa mpanda pikipiki, na sweta zito la sufu bila koti la kuzuia upepo ni karibu bure. Masoko ya mitumba huuza makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya majira ya theluji ya Ulaya na Amerika, mengi kwa bei ndogo kuliko koti jipya.

Bodaboda wana mbinu ya kuvaa jaketi kinyume, mgongo ukiwa mbele, ili zipu isipitishe upepo, au kuweka kipande cha boksi kifuani. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France nao wamezoea kuingiza gazeti chini ya jezi kabla ya kuteremka milima ya Alps; fizikia ni ileile. Kwa mikono, glavu za ngozi zinazofika juu ya kifundo zinafaa kuliko za kufuma. Nguo zenye nyaya za umeme zinazotumika katika nchi za baridi hazifai hapa, kwa kuwa chaji ya pikipiki ndogo ya 125 hutosha taa na mahitaji yake na kubakiza kidogo.

Helmeti ni vazi la joto na la uhai kwa pamoja. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kioo chake kikishika ukungu wa pumzi, hufunguliwa kidogo kwa chini. Mwenye miwani afanye hivyo kabla ya kuondoka, siyo akiwa kwenye kona.

Chombo na barabara

Pikipiki nyingi za eneo hili, kama Boxer na TVS, zina injini inayopozwa kwa hewa. Asubuhi ya baridi oili huwa nzito na petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo injini ya kabureta huhitaji choki na dakika moja au mbili za kuunguruma taratibu. Betri nayo hupungua nguvu, na hapo kiki huonyesha faida yake, ingawa goti la miaka 65 lina maoni yake kuhusu kiki. Upepo wa tairi hupungua kadiri hewa inavyopoa, kwa hiyo upimwe asubuhi.

Barabara zimebadilika. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu kina lami, na mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wenye kilomita 260.6 na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, uligawanywa katika vipande vinne: Manyovu hadi Kasulu, Kanyani hadi Mvugwe, Mvugwe hadi Nduta, na Nduta hadi Kabingo. Lami huondoa vumbi la kiangazi na utelezi wa masika, lakini huleta mwendo mkubwa na malori. Kwa mzee, hatari huhama kutoka kwenye matope kwenda kwenye kasi ya wengine.

Ustaafu na hesabu zake

Mtumishi wa umma Tanzania Bara huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na hulazimika kustaafu akifika 60. Pensheni ya watumishi wa umma husimamiwa na PSSSF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Sekta binafsi ilibaki NSSF.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilizua mjadala mkali. Kanuni za 2018 zilisitishwa Desemba mwaka huohuo na Rais John Magufuli. Julai 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, uliwekwa asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 kabla ya 2022, na 35 kwa lililokuwa likipata 25. Tuchukue mwalimu aliyechangia miezi 360, ambaye wastani wa mshahara unaotumika katika hesabu ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kigawanyo cha 580, kizidisho cha 12.5 na mkupuo wa asilimia 40, hesabu ikifanywa kwa mshahara wa mwaka, atapata kiinua mgongo cha karibu shilingi milioni 37.2, kisha pensheni ya karibu shilingi 372,000 kila mwezi.

Wazee wengi wa Kasulu na Kibondo ni wakulima, na hawamo katika hesabu hii. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, lakini pensheni kwa kila mzee ipo Zanzibar, iliyoianzisha 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Mkulima hustaafu kwa kuwaachia watoto jembe, siyo kwa barua.

Barua nayo huja kwa ngazi zote. Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliueleza mkutano mkuu wa CCM mjini Dodoma kwamba Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe, alikuwa amemwandikia akiomba kupumzika.

Pikipiki katika maisha ya mstaafu

Kwa mstaafu pikipiki ina sura mbili. Ya kwanza ni mradi: hununuliwa kwa kiinua mgongo na kupewa kijana, ama kwa hesabu ya kila siku, ama kwa mkataba ambao kijana akimaliza malipo chombo kinakuwa chake. Mapato hutegemea uaminifu wa mtu mmoja, kwa hiyo makubaliano yaandikwe, bima iwe hai, na mkupuo wote usiingie humo.

Ya pili ni matumizi yake mwenyewe. Walimu waliofundisha miaka mingi, baadhi yao wahitimu wa vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, hurudi kwenye migomba, maharage na mizinga ya nyuki. Ufugaji nyuki, unaofahamika sana Kibondo, unamfaa mtu wa umri huu kwa kuwa hauhitaji kulima kila siku, ila mizinga iko mbali, na pikipiki huisogeza karibu. Kuna pia misiba, harusi, ibada na wajukuu wa kuwatembelea. Asiyeweza kwenda huku na huko hubaki na redio, na upweke huzeesha.

Sheria haipunguzi masharti kwa sababu ya mvi: leseni ya daraja la pikipiki, bima, helmeti kwa mwendeshaji na abiria, kilomita 50 kwa saa katika makazi, na abiria mmoja tu. Kubeba zaidi ya mmoja huitwa mishikaki, na babu aliyebeba wajukuu wawili ni mishikaki kama mishikaki mingine.

Mtumishi aliye kazini hupanda pikipiki saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu kengele ya shule haimsubiri. Mstaafu anaweza kupanga majira yake. Katika kipupwe huondoka saa tatu au nne, ukungu ukiwa umeinuka, na kurudi kabla jua halijazama. Katika mvua hufanya kinyume: huondoka mapema na kurudi kabla ya mawingu ya alasiri na radi zake. Kikokotoo hakina mstari wa kuiandika faida hiyo, lakini ndiyo sehemu ya mafao ambayo hakuna aliyeipunguzia asilimia, na asiyeitumia akaendelea kuondoka alfajiri kwa mazoea amestaafu nusu.