Ngoma Iliyoingia Kanisani: Mganda na Masikio Yetu Mawili

Miaka michache baada ya Jimbo la Mbinga kuanzishwa mwaka 1986, kigango chetu cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa kiliadhimisha Jumapili ya mavuno kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona. Wakati wa matoleo, waamini wakiwa wamebeba mihogo, mahindi, mchele na nyungo za usipa mkavu, vijana wa kwaya waliingia na ngoma kubwa ya mganda. Padre alikuwa ameruhusu. Upande wa akina mama vigelegele vilipaa. Upande wa akina baba, babu yangu alisimama, akachukua kofia yake, akapiga goti kuelekea tabernakulo, akatoka nje. Wazee wengine watatu wakamfuata.

Baada ya Misa watu waligawanyika chini ya miembe. Wapo waliosema kanisa limegeuzwa kilabu cha pombe. Wapo waliosema kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, walitoa sadaka huku moyo na miguu vikikubaliana. Mimi nilikuwa mmoja wa wanakwaya, na nilikuwa na hasira. Jioni nilimfuata babu nyumbani kwake nikamwuliza kwa nini ametuaibisha.

Hakunikemea. Alisema, "Mjukuu wangu, ngoma ile mimi nilikuwa mpigaji wake. Nilipotaka ubatizo, katekista aliniambia nichague: mganda au maji ya Mungu. Nikachagua. Wenzangu walinicheka, wakanifukuza kwenye chama chao. Tangu siku ile sijaigusa. Leo mmeileta mbele ya altare. Kama haikuwa dhambi, mbona nilikatazwa? Na kama ilikuwa dhambi, imetakaswa lini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miaka mingi, na makala hii ndiyo jibu nililolipata.

Kwanza tuijue ngoma yenyewe. Wengi wetu tunadhani mganda ni urithi wa kale sana. Sivyo. Ni ngoma ya karne ya ishirini, iliyokua pande zote mbili za ziwa, kwetu na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Chimbuko lake ni gwaride la askari. Vita Kuu ya Kwanza ilifika pwani yetu mapema mno. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli. Wajerumani walipaita mahali pale Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la mwamba wake. Ikafuata miaka minne ya majeshi kupita, na vijana wengi kuchukuliwa kuwa wapagazi. Wengine hawakurudi. Waliorudi walikuwa wameona paredi, vyeo, na bendi zenye ngoma kubwa na tarumbeta.

Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, na mtu akiimbia ndani yake sauti ikatoka yenye mtetemo kama wa tarumbeta. Wakavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakajipanga mistari, wakapeana vyeo. Chama cha kijiji kimoja kikawa kinasafiri kwenda kijiji kingine kushindana, na wenyeji wakawa wanapika na kuwapokea wageni. Wanawake nao walikuwa na kioda yao. Mganda ukapanda pia milimani hadi kwa Wamatengo. Kwa kifupi, ilikuwa bendi ya vijana wa wakati ule, yenye mashabiki wake na wapinzani wake.

Kanisa lilikuwa limeshatangulia kufika. Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien waliingia Peramiho mwaka 1898, na mwaka 1899 wakafungua misheni ya Kigonsera. Ndugu zetu Waanglikana wa UMCA walihudumia pwani wakitokea kisiwa cha Likoma. Padre wao maarufu William Percival Johnson alifariki mwaka 1928 na kaburi lake liko Liuli hadi leo. Wabenediktini walileta wimbo wa Kigregori, ule unaoimbwa kwa Kilatini bila papara na bila ngoma. Wazee wetu waliupenda. Babu yangu aliweza kuimba Misa nzima ya Kilatini akiwa anashona nyavu.

Pamoja na wimbo ule ilikuja sheria. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Humo alikataza piano isitumike kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele. Bendi za kupuliza nazo zilikatazwa kupiga ndani ya kanisa. Zingeweza kuruhusiwa katika maandamano ya nje, kwa idhini ya askofu.

Tuisome sheria hiyo kwa makini. Papa hakuwa anafikiria mganda. Aliandika akiwa Italia, ambako makanisa mengi yalikuwa yamejaa muziki wa majumba ya maigizo, na waamini walikwenda Misa kama wanaokwenda kumsikiliza mwimbaji hodari. Alitaka altare isigeuzwe jukwaa. Angalieni pia kwamba piano na ngoma zilikatazwa pamoja. Wale wanaosema leo kwamba kinanda cha umeme ni cha Kanisa na ngoma ni ya kipagani hawana msaada wowote katika waraka ule. Lakini sheria ilipovuka bahari, piano haikuwepo huku vijijini. Ngoma ilikuwepo kila kijiji. Kwa hiyo uzito wote wa katazo ukaiangukia ngoma.

Hata hivyo sheria peke yake haielezi kila kitu. Ngoma za usiku zilikuwa na mambo yake: pombe, ugomvi kati ya vyama, vijana kutorudi nyumbani hadi alfajiri, chakula cha familia kuisha kwa ajili ya wageni wa mashindano. Katekista aliyemkataza babu hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wa pwani hii hii, na alijua anachokiona. Tusimcheke. Mzazi aliyelala macho akimngojea binti yake hakuhitaji waraka wa Papa ili aiogope ngoma ile.

Wakati huohuo wapo waliosikia jambo jingine. Miaka ya 1920 Mbenediktini Meinulf Küsters alitembea kusini mwa Tanganyika na mashine ya kunasa sauti, akihifadhi nyimbo za watu wetu kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1928 mtaalamu Erich von Hornbostel aliandika katika jarida la Africa kwamba muziki wa Kiafrika na wa Ulaya umejengwa juu ya misingi tofauti, na kwamba kuulazimisha mmoja uvae nguo ya mwingine ni kuuharibu. Si kila mtu alikubaliana naye, lakini swali lilikuwa limeshawekwa mezani.

Mwaka 1955, siku ya Noeli, Papa Pio wa Kumi na Mbili alitoa waraka mwingine juu ya muziki mtakatifu, akawahimiza wamisionari watumie upendo wa watu kwa nyimbo zao ili wamsifu Mungu kwa nyimbo za dini zinazofanana nazo. Katika nchi jirani ya Kongo, pale Kamina katika jimbo la Katanga, Padre Guido Haazen na kwaya yake wakaandaa Missa Luba, Misa ya Kilatini yenye ngoma, ambayo santuri yake ilisikika duniani kote. Kwetu, Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kizima kinachohusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Swali lake lilikuwa karibu sana na lile la babu yangu: Kanisa linakataza nini hasa, na linaruhusu nini? Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha Konstitusio juu ya Liturujia. Kifungu cha 119 kinasema, kwa maana yake, kwamba watu wa nchi za misioni wenye muziki wao wa asili wapewe nafasi ya kuutumia, na uheshimiwe ipasavyo. Kifungu kinachofuata kinakipa kinanda cha mabomba heshima yake ya zamani, kisha kinaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Lakini mlango ukifunguka si kwamba kila mtu aliyemo ndani anafurahia upepo.

Katika kuifuata historia hii nimegundua kwamba mara nyingi watu hawagombanii sauti. Wanagombania kile ambacho sauti inawakumbusha. Na si sisi tu. Mwaka 2006 huko Zanzibar palikuwa na mpango wa kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Kikundi kimoja cha kidini kikapinga kwa sababu ya maisha yake, na sherehe ikafutwa. Wengine walisikitika, kwa kuwa kwao alikuwa mtoto wa visiwani ambaye nyimbo zake huimbwa viwanjani kote duniani. Nyimbo zilikuwa zilezile. Mmoja alipozisikia alikumbuka fahari ya nyumbani, mwingine alikumbuka maisha ambayo hakutaka watoto wake wayafuate.

Biblia yenyewe inatuonyesha nyumba iliyogawanyika hivyo. Daudi alipolileta Sanduku la Agano alicheza kwa nguvu zake zote, na Mikali mkewe akamtazama dirishani akamdharau. Sisi vijana wa kwaya tulipenda sana habari hiyo, kwa sababu tulijiona sisi ni Daudi na wazee ni Mikali. Leo naisoma tofauti. Babu yangu hakuwa dirishani akimdharau mtu. Yeye alikuwa Daudi aliyeambiwa avue ngoma yake ili aingie kwa Bwana, akatii.

Basi, jibu langu kwa swali lake ni hili. Amri za Mungu hazibadiliki, lakini Kanisa lina pia kanuni za malezi, na hizo hubadilika kadiri mama anavyowaona watoto wake. Wazee wanakumbuka kwamba zamani aliyetaka Komunyo alifunga tangu usiku wa manane, hata maji hakunywa. Mwaka 1957 mfungo huo ukawa wa saa tatu, na mwaka 1964 ukawa wa saa moja. Je, mama aliyetembea kilomita kumi na kiu kwenda Misa mwaka 1940 alidanganywa? Hapana. Alimpa Bwana kile alichoombwa wakati ule. Kanuni ilipobadilika, sadaka yake haikufutwa.

Na babu hivyohivyo. Ngoma haikuwa dhambi kwa asili yake, wala haikuhitaji kutakaswa. Kilichohitaji kutakaswa ni yale yaliyoizunguka usiku. Alichokitoa babu kilikuwa kitu chema, na kwa sababu kilikuwa chema ndiyo maana kilikuwa sadaka. Kosa letu siku ile halikuwa kupiga mganda. Kosa letu lilikuwa kuuingiza kanisani bila kumweleza mtu yeyote kati ya wale waliolipa gharama ya kuuacha. Tuliwaandalia wageni karamu kwa mbuzi wa mzee, na mzee mwenyewe hatukumwambia.

Kwaya ilikwenda kwake baadaye, pamoja na mwenyekiti wa kigango. Tuliomba radhi. Alitusikiliza, akatukaribisha ugali na samaki, kisha akasema kwamba hatarudi kwenye Misa yenye mganda, kwa sababu mwili wake ungetaka kucheza na moyo wake ungekataa, naye amechoka kugombana na nafsi yake. Padre akapanga Jumapili ya mavuno iwe na Misa mbili: ya alfajiri yenye nyimbo za zamani, na ya saa nne yenye ngoma. Babu alihudhuria ile ya alfajiri hadi alipofariki.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile, alimwita mpigaji wetu. "Wewe," alimwambia, "unawahisha mkono wa kushoto. Mganda hauendi hivyo." Akapiga magoti ya meza kwa vidole, taratibu, mara tatu, mpaka kijana akashika. Kisha akatuaga.