Kanisa, Ardhi na Haki Chini ya Mlima Meru

Oktoba 1896, pale Akeri, wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwaua Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig. Kapteni Johannes, ofisa wa Kijerumani, na askari wake walikuwa karibu, na kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali: ng'ombe wakatekwa, mashamba yakateketezwa. Si ajabu wazee hawakutofautisha msalaba na bunduki. Vilipanda mlima pamoja.

Misheni ilirudi mwaka 1902 ikajenga Nkoaranga, kisha Ilboru. Safari hii ilikuja na shule. Huku watoto wakijifunza kusoma, nchi ya tambarare iligawiwa walowezi, na Wameru wakabanwa mlimani.

Novemba 1951 serikali ya Kiingereza, iliyochukua nafasi ya Wajerumani, ikifuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson, ilianza kuwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wachache wapate malisho. Nyumba zilichomwa moto. Kanisa nalo halikusalimika, ingawa aliyetoa amri na aliyefukuzwa wote walijiita Wakristo.

Wameru hawakushika mikuki. Walikataa fidia, wakaunda umoja wao, wakachanga fedha na kuandika barua. Aliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee wa kanisa ataitambua namna hiyo ya kufanya kazi: mwenyekiti, katibu, mchango na kumbukumbu za kikao. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa tunda kubwa la misheni Meru, na sidhani kama wamisionari wenyewe walilikusudia.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet na wakili wake, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, walisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Nyerere alifika huko miaka mitatu baadaye. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini madai yao yaliamsha Tanganyika nzima, na chama cha TANU kilipoundwa mwaka 1954 kilikuta watu wameshajua maana ya kudai.

Tusiipambe dini kupita kiasi, hata hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru hao hao waligombania dayosisi hadi ugomvi ukageuka vurugu, jirani akamgeuka jirani.

Na mjini Arusha, chini ya mlima huo huo, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Athanase Seromba, padri Mkatoliki. Mwaka 1994 kanisa la parokia yake ya Nyange liliangushwa kwa tingatinga likiwa na Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia humo. Alihukumiwa miaka 15 mwaka 2006. Machi 2008 rufaa ikaibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.